Picha ya tangazo la reli iliyopotea na kuibukia Mexico

KATIKATI ya miaka ya 1850, kampuni changa ya reli nchini Marekani ilimwajiri mchoraji wa mandhari kwa ujira wa dola 75 ili aichoree picha ya kutangazia shughuli zake. Picha ilichorwa na kukabidhiwa. Baada ya hapo ikatoweka machoni pa watu kwa zaidi ya robo karne. Ilipoonekana tena ilikuwa katika duka la vikorokoro vya kale jijini Mexico, na aliyeikuta humo alikuwa mchoraji yuleyule, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mzee mwenye jina kubwa. Aliinunua kazi yake mwenyewe na kuondoka nayo.

Mchoraji huyo alikuwa George Inness, na picha inajulikana leo kwa jina la The Lackawanna Valley, yaani Bonde la Lackawanna. Imehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington. Ni picha ya rangi ya mafuta juu ya turubai, yenye kimo cha sentimita 86 na upana wa sentimita 127.5. Ni nadra mtaalamu wa sanaa ya Marekani kuzungumzia ujio wa reli katika karne ya 19 bila kuitaja, ingawa waliolipia ichorwe hawakuwa na fikra yoyote ya jumba la makumbusho. Walitaka wateja.

Bonde la makaa na chuma

Bonde la Lackawanna lipo kaskazini-mashariki mwa jimbo la Pennsylvania. Chini ya ardhi yake mlikuwa na makaa ya mawe magumu aina ya anthrasiti, ambayo huwaka kwa joto kali na kutoa moshi mchache kuliko makaa ya kawaida. Mwaka 1840 ndugu wawili, Selden na George Scranton, walifika na washirika wao katika kijiji kidogo kilichoitwa Slocum Hollow wakiwa na nia ya kuyeyusha chuma kwa kutumia makaa hayo. Majaribio ya mwanzo yaliwatia hasara. Walichokifanya baadaye ndicho kilichobadili hatima ya mahali hapo.

Wakati huo Marekani ilikuwa bado ikiagiza sehemu kubwa ya vyuma vyake vya reli kutoka Uingereza. Kampuni ya reli ya New York na Erie, iliyokuwa na haraka ya kufika mji wa Binghamton kabla ya mwaka 1848 kwisha, iliingia mkataba na akina Scranton wa kuisambazia tani 12,000 za vyuma. Kazi hiyo ilikamilika, reli ikafika Binghamton Desemba 1848, na kijiji kikaanza kugeuka mji. Mwaka 1851 kilipewa jina la Scranton.

Tatizo lililobaki lilikuwa usafiri. Bonde limezungukwa na milima, na shehena ya makaa na chuma haikuwa na faida kama haikuweza kuyafikia masoko ya New York. Akina Scranton wakajenga reli yao. Kipande cha kwanza, kutoka Scranton kwenda Great Bend upande wa kaskazini, kilifunguliwa Oktoba 1851. Mwaka 1853 kampuni mbili ziliunganishwa na kuzaa Delaware, Lackawanna and Western, ambayo watu waliifupisha kwa herufi D.L. & W. Mwaka 1856 njia ya kusini, iliyoelekea Mto Delaware, nayo ilifunguliwa.

Kwa hiyo, picha ilipoagizwa, kampuni ilikuwa imeungana kwa miaka miwili au mitatu tu. Ilikuwa na vichwa vya treni vichache, madeni mengi na njia moja kubwa iliyokuwa bado ikijengwa. Fahari yake kubwa ilikuwa karakana ya mviringo pale Scranton. Jengo la namna hiyo hutumika kuegesha na kutengeneza vichwa vya treni. Njia hukutana kwenye jukwaa linalozunguka, na kila kichwa hugeuzwa na kuingizwa katika chumba chake. Kuwa na karakana ya aina hiyo kulikuwa njia ya kuwaambia wenye hisa na wenye mizigo kwamba kampuni imekuja kukaa.

Aliyeagiza picha anatajwa kuwa George D. Phelps, rais wa kwanza wa kampuni hiyo.

Mchoraji mwenye familia

Inness alizaliwa Mei 1, 1825, karibu na Newburgh katika jimbo la New York, na kukulia Newark, New Jersey. Alikuwa wa tano kati ya watoto 13. Tangu utotoni alisumbuliwa na kifafa, na masomo yake ya shule yalikatika mara kwa mara. Baba yake, mfanyabiashara, alimfungulia duka la vyakula akiwa bado kijana mdogo akitumaini mwanawe angefuata nyayo zake. Duka halikudumu. Kijana akaenda New York kufanya kazi kwa wachongaji wa ramani, na baadaye akapata mafunzo kwa Régis Gignoux, mchoraji Mfaransa aliyekuwa akiishi huko.

Mtu aliyefundishwa uchoraji wa mandhari Marekani miaka ile alitarajiwa kufuata mkondo uliokuja kuitwa Shule ya Mto Hudson: milima mikubwa, maporomoko, misitu isiyoguswa, kila jani likichorwa kwa makini. Inness hakuridhika nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 alikwenda Italia, kisha Ufaransa, ambako alivutiwa na wachoraji wa Barbizon. Hao hawakutafuta milima ya kutisha. Walichora mashamba, njia za vijijini na watu wa kawaida katika mwanga mpole, kwa mikupuo huru ya brashi. Mwanawe, George Inness mdogo, alizaliwa Paris mwaka 1854.

Aliporudi nyumbani alikuwa na mtindo ambao wanunuzi wengi wa New York hawakuuzoea, na familia iliyohitaji kula. Ndipo kazi ya reli ilipotokea. Dola 75 hazikuwa malipo ya mchoraji maarufu, lakini Inness hakuwa maarufu.

Treni nne, njia tano

Habari nyingi za mvutano uliofuata zinatokana na kumbukumbu alizozisimulia Inness mwenyewe na zile zilizoandikwa na mwanawe katika kitabu cha maisha ya baba yake, kilichochapishwa mwaka 1917. Ni masimulizi ya upande mmoja, na kampuni haikupata nafasi ya kujibu. Hata hivyo yanafanana sana na malalamiko ya wachoraji wa matangazo wa zama zote, kiasi kwamba ni vigumu kuyatilia shaka kubwa.

Kwa mujibu wa masimulizi hayo, rais wa kampuni hakutaka kuona kile kilichokuwapo Scranton tu. Alitaka kuona kile alichokusudia kiwepo. Njia moja pekee ndiyo iliyokuwa ikiingia katika karakana, lakini Inness akatakiwa achore nne au tano, kwa hoja kwamba siku moja zingejengwa. Kampuni ilitaka pia vichwa vyake vyote vinne vya treni vionekane, na inasimuliwa kwamba alitakiwa kuziandika herufi za kampuni juu ya kichwa cha treni ili mtazamaji asije akadhani mali hiyo ni ya mtu mwingine.

Inness alipinga. Kwake, kuchora njia ambazo hazipo kulikuwa ni kusema uongo. Lakini alikuwa na mke na watoto, na masimulizi hayafichi kwamba hitaji la fedha ndilo lililomaliza ubishi. Alikubali kiasi, akakwepa kiasi. Matokeo ya maelewano hayo yako mbele ya macho ya kila anayeitazama picha.

Reli moja tu ndiyo inayopinda kwa uwazi kuja upande wa mtazamaji, na treni moja ndiyo inayoonekana waziwazi, ikivuta mabehewa yake huku moshi mweupe ukiachwa nyuma. Dalili nyingine za vichwa vya treni zimesukumwa mbali, kwenye moshi unaopanda pembeni mwa majengo. Karakana yenyewe ipo, kubwa na ya mviringo, lakini imewekwa katikati ya umbali, imefunikwa na ukungu mwepesi unaoilainisha. Nyuma yake zinaonekana nyumba za mji na mnara wa kanisa, na nyuma zaidi milima iliyofifia kwa rangi ya buluu. Upande wa kushoto mti mrefu umesimama peke yake. Chini yake, mgongo wake ukituelekea sisi watazamaji, kijana aliyevaa kofia ya majani na kizibao chekundu ameketi kwa kujiegemeza kwenye nyasi akiitazama treni.

Kati ya kijana huyo na treni pana uwanja wa visiki.

Visiki hivyo ni vingi mno, vimetawanyika mteremko mzima, na Inness hakuvificha. Mteremko ulikuwa msitu si muda mrefu uliopita. Miti ya maeneo kama hayo ilikatwa kwa mataruma ya reli, kwa nguzo za kuzuia migodi isiporomoke, kwa nyumba za wafanyakazi, kwa kuni na kwa kufungua mashamba. Katika picha iliyokusudiwa kuwavuta abiria na wenye mitaji, sehemu ya mbele, ambayo jicho huifikia kwanza, imepewa miti iliyokatwa.

Hakuna ushahidi kwamba kampuni iliona tatizo hapo. Inawezekana sana kwamba kwa watu wa mwaka 1855 kisiki kilikuwa ishara ya maendeleo, kama vile mtu wa leo anavyoona korongo la ujenzi juu ya jengo linaloinuka. Walichokuwa wakikihesabu ni treni na njia.

Kazi ikiisha, picha haina mwenyewe

Kupotea kwa picha za namna hiyo hakukuwa jambo la ajabu. Katika biashara ya matangazo, picha ya asili ilikuwa hatua moja tu katika safari ya kwenda kwa mchapaji. Fundi aliinakili juu ya jiwe la kuchapia au kwenye kipande cha mbao au bamba la chuma, na kilichokuwa na thamani kwa kampuni ni nakala zilizobandikwa vituoni na kusambazwa kwa wateja. Turubai lenyewe lilirudi ofisini na kutundikwa ukutani iwapo lilikuwa na bahati. Lilihesabiwa pamoja na meza, viti na saa ya ukutani. Ofisi ilipohama au rais alipobadilika, picha iliondoka na samani.

Ndivyo inavyoelekea ilitokea kwa kazi ya Inness. Mwenye duka wa Mexico alieleza kwamba picha hiyo ilimfikia pamoja na rundo la vifaa vya ofisi. Hakujua ni bonde gani lililochorwa wala nani aliyelichora, na mteja aliyesimama mbele yake hakuwa na sababu ya kumweleza kabla ya kukubaliana bei.

Kwa Inness mambo yalikuwa yamebadilika kabisa. Kuanzia miaka ya 1880 alihesabiwa miongoni mwa wachoraji wa mandhari wakubwa zaidi wa Marekani. Aliishi Montclair, New Jersey, na kazi zake zilinunuliwa kwa bei ambazo kijana wa dola 75 asingeziota. Uchoraji wake nao ulikuwa umehama. Chini ya mafundisho ya Emanuel Swedenborg, mwanafalsafa wa dini wa Sweden, aliamini kwamba vitu vinavyoonekana ni kivuli cha mambo ya roho, na picha zake za uzeeni ni za miti na mashamba yaliyoyeyuka katika mwanga wa jioni kiasi cha kukosa mipaka. Mwaka 1878, katika mahojiano na jarida moja la Marekani, alieleza kwamba kazi ya sanaa si kufundisha wala kuadilisha, bali kuamsha hisia.

Mtu mwenye imani hiyo angeweza kutarajiwa kuionea haya picha ya karakana ya treni. Lakini hakuiacha dukani.

Inness alifariki Agosti 3, 1894, huko Bridge of Allan, Scotland, akiwa safarini. Mwanawe anasimulia kwamba alianguka akilitazama jua likizama. Mwili wake ulirejeshwa New York. Mwaka 1945 picha ya Bonde la Lackawanna ilitolewa zawadi kwa Jumba la Taifa la Sanaa na Bi. Huttleston Rogers, na tangu hapo ikawa mali ya umma. Kwa muda ilijulikana kwa jina lililokuwa karibu zaidi na matakwa ya mwagizaji, likiitaja kama karakana ya kwanza ya mviringo ya D.L. & W. mjini Scranton. Kuhama kwa jina kutoka karakana kwenda bonde kunaonyesha jinsi watazamaji walivyobadilika.

Sifa au maombolezo?

Mara picha ilipoingia katika jumba la taifa, ubishi mpya ulizuka, safari hii kati ya wasomi. Je, Inness aliisifu reli au aliilaumu?

Leo Marx, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu mashine na maumbile katika fikra za Wamarekani, aliitumia picha hii kama mfano wa upatanisho. Kwa mtazamo huo, moshi wa treni unafanana na mawingu, mviringo wa karakana unaitikia mviringo wa vilima, na kijana aliyepumzika haonyeshi hofu. Mashine imeingia bustanini bila kuivunja. Mtu anayeitazama picha kwa mara ya kwanza huenda akakubaliana naye, kwani rangi zake ni tulivu na hakuna kinachopiga kelele.

Wengine waliomfuata waliinamisha macho kuelekea visiki. Nicolai Cikovsky, aliyefahamika kwa utafiti wake wa muda mrefu juu ya Inness, aliandika mwaka 1979 makala maalumu kuhusu maana ya kisiki katika sanaa ya Marekani ya karne ya 19. Alionyesha kwamba wachoraji na waandishi wa wakati huo walikitumia kisiki kwa maana mbili kwa pamoja: ushindi wa mlowezi dhidi ya pori, na gharama ya ushindi huo. Visiki vya Inness vinaweza kubeba maana zote mbili. Hata utulivu wa kijana unaweza kusomwa kwa namna mbili, kwani uso wake hauonekani.

Katika mabishano hayo, jambo moja husahaulika kirahisi: agizo lenyewe. Inness hakuchagua somo hili. Aliambiwa achore treni, karakana na njia, na akapewa idadi. Sehemu iliyokuwa yake kuamua ni mahali pa kusimama, mwanga, na kitu cha kuweka mbele. Alisimama juu kilimani na mbali kiasi cha kuifanya mali ya kampuni ionekane ndogo ndani ya bonde lake. Huo si upinzani wa wazi, wala si utii kamili. Ni uamuzi wa fundi aliyebanwa, na pengine ndiyo sababu picha hii haitulii katika tafsiri moja.

Reli zilizofuata

D.L. & W. haikuwa peke yake katika kuwatumia wachoraji, na kampuni nyingine zilijifunza kuitunza faida hiyo vizuri zaidi. Juni 1858 reli ya Baltimore and Ohio iliwaalika wachoraji, wapiga picha na waandishi katika safari ya treni maalumu kutoka Baltimore hadi Wheeling, ikiwasimamisha kila palipokuwa na mandhari nzuri. Mwaka 1871 Jay Cooke, mwenye benki aliyekuwa akiitafutia fedha reli ya Northern Pacific, alimkopesha Thomas Moran dola 500 ili aungane na msafara wa uchunguzi wa Yellowstone. Machi 1, 1872, Yellowstone ilitangazwa hifadhi ya taifa, na Bunge la Marekani likainunua picha kubwa ya Moran ya korongo la huko kwa dola 10,000. Mwaka 1892 reli ya Santa Fe ilimpeleka Moran huyohuyo Grand Canyon kwa makubaliano ya kupata haki ya kuchapisha kazi yake, na nakala za rangi zikasambazwa katika ofisi, hoteli na shule. Santa Fe iliendelea kununua picha za asili na kuzihifadhi kwa ajili ya kalenda zake.

Kisa kinachokaribia zaidi cha Inness ni cha Thomas Hill. Picha yake ya mwaka 1881 inaonyesha kupigiliwa kwa msumari wa mwisho wa reli ya kuvuka bara, tukio la Mei 10, 1869, huko Promontory, Utah. Ndani yake wamo watu wapatao 70 wanaotambulika kwa sura, na baadhi yao hawakuwapo siku hiyo. Mhandisi Theodore Judah, aliyechorwa miongoni mwao, alikuwa amefariki mwaka 1863. Hill alidai kazi hiyo aliagizwa na Leland Stanford, mkubwa wa reli ya Central Pacific. Stanford alikataa kuichukua. Kuchora kisichokuwapo, kwa hiyo, hakukumhakikishia mchoraji malipo. Picha hiyo sasa ipo katika makumbusho ya reli ya jimbo la California, mjini Sacramento.

Bibi mwenye nguo nyeupe

Kampuni ya D.L. & W. yenyewe ilikuja kuwa hodari wa matangazo, ingawa si kwa njia ya mandhari. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilimbuni Phoebe Snow, mwanamke kijana aliyesafiri kwa treni akiwa amevaa nguo nyeupe tupu. Ujumbe ulikuwa rahisi: vichwa vya treni vya Lackawanna vilichoma anthrasiti, hivyo nguo nyeupe hufika mwisho wa safari zikiwa nyeupe. Abiria wa reli nyingine, waliozoea kushuka wakiwa na masizi usoni, walielewa mara moja. Matangazo hayo yaliambatana na mashairi mafupi na yakapendwa mno, na jina la Phoebe Snow likaja kupewa treni ya abiria ya kampuni hiyo.

Kuna kejeli kidogo hapo. Makaa yaleyale yaliyosifiwa kwa weupe wa gauni ndiyo yaliyoacha vichuguu vyeusi vya taka za migodi pande zote za bonde, kwenye miteremko ambayo Inness aliiona ikiwa na visiki.

Utajiri huo haukudumu. Viwanda vya chuma vilihama mwaka 1902 kwenda ufukoni mwa Ziwa Erie, karibu na Buffalo, mahali palipopewa jina la Lackawanna. Mafuta na gesi viliyaondoa makaa majumbani. Januari 22, 1959, Mto Susquehanna ulipasua dari ya mgodi wa Knox, kusini kidogo ya Scranton, na kuwaua wachimbaji 12. Maji yaliyofurika katika migodi iliyounganishwa chini kwa chini yalihitimisha sehemu kubwa ya uchimbaji wa ndani kabisa katika ukanda huo. Mwaka uliofuata reli ya D.L. & W. iliungana na mshindani wake wa siku nyingi, Erie, ileile iliyowapa akina Scranton mkataba wao wa kwanza mkubwa. Kampuni iliyozaliwa na muungano huo ilimezwa na Conrail mwaka 1976.

Katika yadi ya zamani ya kampuni hiyo pale Scranton sasa pana Steamtown, eneo la kihistoria la taifa lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986 kwa ajili ya kuhifadhi treni za mvuke. Karakana aliyoichora Inness haipo tena. Watalii huonyeshwa sehemu zilizosalia za ile iliyojengwa mwaka 1902 na kupanuliwa mwaka 1937, pamoja na jukwaa la kugeuzia vichwa vya treni. Njia zinazoingia humo ni nyingi kuliko zote alizozitaka rais wa kampuni.